Kimya Juu ya Sufuria

Gloria, aliyerithi meza yangu ofisini, aliniomba nimwandikie mambo mawili matatu ya kazi kabla sijayasahau. Nadhani alitaka ukurasa mmoja tu: barabara gani hukatika masika, mwenyekiti gani wa kijiji hupokea simu, funguo za stoo ziko kwa nani. Bahati mbaya amemwomba mstaafu mwenye muda na kalamu. Kwa hiyo, Gloria, na ninyi vijana wote mnaoanza kazi ya ubwana afya, nivumilieni. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua.

Mimi ni Leonard Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, mkazi wa Sofu hapa Kibaha. Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu ilikuwa kuingia jikoni kwa watu bila kualikwa. Nilianzia Kisarawe, nikamalizia Kibaha. Nimefunua sufuria nyingi kuliko mpishi yeyote ninayemfahamu, na katika zote hizo sikuonja hata moja. Hilo nililiona ni jambo la kujivunia. Sasa hivi sina uhakika, na ndiyo sababu naandika kirefu.

Siku ya kwanza niliripoti Kisarawe na viatu vilivyong'arishwa mpaka vikaonyesha ujinga wangu. Mzee Kibwana, bwana afya mwenyeji, Mzaramo wa kule kule, alinikagua kuanzia viatuni kwenda juu.

"Unatoka wapi?"

"Tabora, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mnyamwezi! Kumbe mtani wangu kaja. Ukifa nitakaa juu ya jeneza lako mpaka ndugu zako wanibembeleze nishuke. Lakini hayo ni baada ya saa tisa na nusu. Kazini hakuna utani."

Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza. Ya pili alinipa mchana huo huo, nilipomwuliza wapi pana chakula kizuri. Aliniambia bwana afya hali katika eneo lake. Hali, hanywi, hata maji ya kunywa anabeba. "Ukila cha mtu," alisema, "siku ya kumwambia ukweli unakuta ulimi wako umeshashiba." Jioni ile nilinunua hotpoti ya bluu, ndogo, yenye mshikio. Nimeibeba tangu siku hiyo. Mifuniko imebadilika mara mbili, mke nimeoa mmoja tu, na yeye ndiye aliyekuwa akiijaza viazi vitamu na maharage kila alfajiri.

Kanuni ya tatu aliionyesha bila kuisema. Tuliingia kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chakula sokoni. Mzee Kibwana akafunua sufuria ya samaki, akatazama, akanyamaza. Mama akasema samaki ni wa leo. Mzee kimya. Mama akasema, basi, wa jana, lakini amewachemsha upya. Kimya. Akasema na maharage nayo ni ya jana, na maji ya kuoshea vyombo hajabadilisha tangu asubuhi, na yule binti anayekata kabichi anakohoa. Kisha akaibeba sufuria mwenyewe akaenda kuimwaga. Tulipotoka, Mzee Kibwana aliniuliza, "Umenisikia nikisema neno?"

Nilikipenda kimya kile. Vifaa vingine havikuwa vingi: tochi, daftari, koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Kipimajoto cha chakula niliahidiwa mwaka wangu wa pili, na nikiwa bado hai nitaendelea kukisubiri. Lakini kimya hakikuhitaji betri wala kibali cha manunuzi. Baada ya miaka michache nilikijua kuliko mwalimu wangu. Mkoa mzima, wapishi walijua kwamba Mihayo akifunua sufuria akasema "haya, endelea," wewe ni mzima. Akinyamaza, mwaga.

Alhamisi ilikuwa siku ya Kurui. Tulikwenda kwa pikipiki ya idara, mimi nyuma na hotpoti mapajani, tukipita mashamba ya mihogo na mikorosho. Tulikagua visima, vilabu, vibanda vya chakula. Kila Alhamisi, ikifika saa saba, Mzee Kibwana aliniacha nilinde pikipiki, akaenda peke yake kukagua choo cha Bi Zena, mama aliyekuwa akipika wali na samaki pale senta. Alisema choo kinataka macho mazoefu. Alikuwa akikaa huko karibu saa nzima. Mimi nilikaa juani na viazi vyangu, nikistaajabia ukakamavu wa yule mzee. Siku moja nilimwuliza kwa nini choo kile hakiishi kukaguliwa.

"Kile choo ni kirefu," akanijibu, akawasha pikipiki.

Vijana, kazi hii ina gharama ambayo hamtaikuta kwenye miongozo. Nilipohamishiwa Kibaha, masika moja watu wengi wa mtaa wetu waliendesha matumbo. Nilifuatilia siku nne, nyumba kwa nyumba, mpaka nikafika kwenye ndoo ya maji ya ukwaju. Mwuza ukwaju alikuwa mwalimu wa kwaya yetu, mtu mwema, aliyenisimamia ndoa. Nilimfungia siku hiyo hiyo. Ilikuwa sahihi, na ningeirudia kesho. Lakini Jumapili iliyofuata benchi letu kanisani lilikuwa na nafasi nyingi sana, na nilimwona mke wangu akijifanya anatafuta ukurasa wa wimbo. Iliniuma. Sikumwambia mtu, kwa sababu kimya kilikuwa kimeshahama kutoka kazini kikaingia nyumbani.

Kuna kitu kingine kilipotea polepole, nisijue kinapotea. Mnajua kwetu huku, mtu akiwa anakula akakuona, hata hakujui, atasema "karibu chakula." Hata kama ana kipande kimoja cha muhogo. Si lazima ule, lakini lazima ukaribishwe. Mimi watu waliacha kunikaribisha. Walipoona koti langu walifunika vitu ambavyo havikuhitaji kufunikwa, wakasema "karibu, kagua." Mwanzoni niliona ni heshima. Kumbukumbu ya ndoa yetu tulikuwa tukienda kuila Chalinze, mimi na Mama Stella, kwa sababu Chalinze haikuwa eneo langu. Tulikaa kwenye viti vya watu wasionijua, nikakaribishwa chakula na madereva wa malori, nikafurahi kupita kiasi.

Sasa nifike kwa Mwantumu, maana bila yeye maandishi haya yangekuwa orodha ya vyoo.

Mwantumu ni mama wa Kizaramo kutoka Kisarawe, aliyepika miaka mingi katika nyumba ya Wahindi Upanga, kisha akarudi akafungua mgahawa Mkuza, hapa hapa Kibaha. Ukumbi wenye meza saba, vitambaa vya maua vya plastiki, ndoo ya koki ya kunawia mlangoni, jiko nyuma. Alipika vitu ambavyo Kibaha tulikuwa tukivifuata mjini: dengu, kuku wa nazi, chapati laini, na kari ya mbuzi yenye bizari, iliki na giligilani, ambayo haikuwa na mpinzani. Nasema haikuwa na mpinzani kwa ushahidi wa pua tu. Ofisi nzima ilikula kwake. Kila saa saba dereva wetu Chande aliingia na vyombo vyake, akavifungua mezani karibu na mimi, makusudi, huku mimi nikipambana na viazi.

Halafu siku moja nikasikia maneno koridoni. Mtu, sijui nani, alisema: "Kwa Mwantumu hapawezi kufungiwa, watu wa afya wote wanakula pale."

Neno lile lilinikaa. Jumanne iliyofuata nilikwenda. Sikwenda kukagua, nataka mlielewe hili vizuri. Nilikwenda kutafuta kosa. Nilitafuta saa nzima. Sakafu ilikuwa safi, shimo la maji machafu limefunikwa, maji ya kunywa yamechemshwa, mbao za kukatia nyama na za mboga zimetengwa. Niliwaambia wapishi wanyooshe mikono nikaangalia kucha moja moja. Hakuna. Mwisho nikaomba kadi za kupima afya. Kadi ya msaidizi wake, Zuhura, ilikuwa imepitiliza siku mbili, kwa kuwa alikuwa msibani Kurui. Kwa mwingine yeyote ningesema, "Kesho asubuhi nenda kapime." Kwa Mwantumu niliandika kufungia, wiki mbili.

"Bwana Afya," aliniuliza, "hebu nionyeshe jikoni kwangu umeona uchafu gani."

Nikanyamaza. Alisubiri, kisha akaanza kuzima jiko.

Ndani ya wiki zile mbili kulikuwa na harusi Kisarawe, ya mtoto wa dada yake. Mwantumu ndiye aliyekuwa apike. Mpishi aliyefungiwa hapiki harusi, watu wanaogopa, hata wawe ndugu. Akatafutwa mwingine. Niliyajua hayo siku hizo hizo, Chande aliniambia, na sikufanya kitu. Ofisini nilisifiwa kwa kutokuwa na upendeleo. Sheria ilikuwa upande wangu, haki sikuiuliza iko upande gani.

Alipofungua tena, sikumsikia akilalamika. Nilimkagua miaka mingi baada ya hapo, na kila mara alinipokea kwa adabu: "Karibu, kagua." Anaweza kuwa anakula na wateja wake, mkono umo kwenye sinia, aninyanyulie kichwa aseme, "Karibu, kagua." Hilo neno la pili lilikuwa linanichoma kuliko tusi.

Nilistaafu mwaka huu. Wiki ya tatu ya ustaafu, nikiwa nimeshakosana na kila kuku wa nyumbani kwa kumkagua, Chande alinipigia simu. Yeye alistaafu kabla yangu na ustaafu umemnenepesha.

"Mihayo, Jumamosi mchana tunakwenda kula kari. Mimi, Sista Paskalina, na Gloria. Tunakuaga vizuri, ile sherehe ya ofisini ilikuwa soda na hotuba."

"Wapi?"

"Kwani kari inaliwa wapi Kibaha?"

Nilimwambia siwezi. Alisema sina eneo tena, eneo langu sasa ni kitanda na kiti. Nilimwambia Mwantumu hatapenda kuniona. Akasema, "Basi nenda ukamwambie unachotakiwa kumwambia, kisha ule." Chande alikuwa dereva, lakini njia alikuwa akizijua zote.

Usiku nilipanga maneno. Jumamosi asubuhi nikaenda shambani kwangu Kurui, nikapanda mihogo mistari miwili ili nitulie, nikarudi, nikaoga, nikavaa shati la kitenge. Nilipokuwa natoka nikachukua begi langu na hotpoti ndani yake. Tupu. Msiniulize kwa nini, mkono wa kulia uliona haya kutoka bila mzigo wake.

Mkuza nilishuka mbele ya mgahawa, nikawaona wenzangu watatu wameshakaa karibu na dirisha. Sista Paskalina, muuguzi tuliyechanja naye watoto wa kata nzima, alinipungia. Nilikusudia kuingia kwa mlango wa mbele kama mteja. Lakini miguu yangu ilikuwa na miaka thelathini ya kuzunguka nyuma, ikazunguka. Nilipopata akili nilikuwa jikoni.

Zuhura alikuwa peke yake. Mwantumu alikuwa ametoka kununua majani ya kotmiri.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba."

Akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, kama walivyokuwa wakifanya wote. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko. Mkono wangu ukafunua.

Ilikuwa ile kari ya mbuzi. Kwa miaka yote ile niliijua kupitia vyombo vya Chande, na sasa ilikuwa mbele yangu, nyekundu, inatokota taratibu, na mimi nina barua ya kustaafu inayoniruhusu kuila. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nilitafuta neno la kumsifu mpishi, nikagundua sina, maana kazini sikuwahi kulihitaji. Mate yakanijaa. Nikameza. Nikasimama pale, mfuniko mkononi, sijui nusu dakika, sijui zaidi.

Zuhura akanitazama. Akaitazama sufuria. Akachukua vitambaa viwili, akasema "Bismillahi," akaiepua, akatoka nayo. Nilidhani anaipeleka mezani. Niliposikia mlio wa shimo la maji machafu, mbuzi alikuwa ameshazikwa.

"Zuhura! Umefanya nini?"

"Si umenyamaza?"

"Mimi nimestaafu!"

"Sasa mimi nitajuaje, Bwana Afya? Ungesema! Wastaafu wenzio wote wanasema, hawanyamazi hata kidogo."

Mwantumu aliingia akiwa na fungu la kotmiri. Alimwangalia Zuhura, akaangalia sufuria tupu, akaniangalia mimi niliyeshika mfuniko. Kutoka ukumbini Chande aliita, "Mihayo! Tumekuja kula au tumekuja kukagua?" Meza nyingine nne zilikuwa na watu wanaosubiri kari ile ile.

"Safari hii kosa ni gani?" Mwantumu aliuliza. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Hakuna kosa."

"Hakuna kosa, na sufuria tupu."

"Ilinukia vizuri mno. Nilikosa la kusema."

Aliweka kotmiri mezani. "Bwana Afya, watu wakikosa la kusema husema mashallah. Ni neno moja. Halina ada."

Nilijua hapo ndipo mambo yangekwisha. Ningefukuzwa, na ningestahili. Nilikuwa nimemharibia kazi yake mara mbili: mara ya kwanza kwa makusudi na sheria, mara ya pili kwa mapenzi. Maneno niliyoyapanga usiku yalitoweka yote.

"Nyoosha mikono," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mikono, Bwana Afya. Nyoosha."

Nikanyoosha. Aliigeuza kama nilivyowahi kuigeuza ya kwake, akainua kidole gumba cha kulia. Chini ya kucha palikuwa na udongo wa Kurui, mweusi, wa asubuhi ile.

"Kwa kucha hii wewe ungenifanyaje?"

"Ningekufungia."

"Nenda kaoshe. Kisha urudi umenye vitunguu. Nyama nyingine ipo kwenye friji, lakini haijipiki."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi jikoni kwa mara ya kwanza maishani, nikiwa na miaka sitini. Wateja walipelekewa chapati, achari na maelezo. Sista Paskalina alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikaa kwenye kigoda na vitunguu kumi na viwili. Machozi yalinitoka, na yote yalikuwa ya vitunguu, msinisingizie. Yale mengine yalikuja baadaye kidogo.

Yalikuja nilipopata ujasiri wa kusema. "Mwantumu, ile siku nilipokufungia."

"Kadi ya Zuhura ilikuwa imepita siku mbili."

"Sikuja kwa ajili ya kadi. Nilikuja kutafuta kosa, lolote, kwa sababu watu walisema siwezi kukufungia. Jiko lako lilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kuingia. Nilikuonea. Nisamehe."

Alikuwa anakaanga bizari, hakugeuka. "Nilijua siku ile ile. Ulikaa saa nzima. Uchafu hautafutwi saa nzima, ukiwepo hujitokeza wenyewe."

"Mbona hukulalamika?"

"Kwa nani? Kwako?" Akakoroga. "Picha za harusi ile mpaka leo siziangalii. Wananiletea, nasema nimesahau miwani."

Mtu mwenye hatia husema chochote, nikasema nilifundishwa hivyo. Nilimweleza habari za Mzee Kibwana, kwamba ukila cha mtu ulimi hushiba, ndiyo maana nilijitenga na kila sufuria, mpaka nikaogopa hata kudhaniwa.

Mwiko ukasimama. "Kibwana yupi? Yule wa pikipiki? Wa Alhamisi?"

"Huyo huyo."

"Mbona alikuwa anakula kwa mama!"

"Mama yako nani?"

"Bi Zena, wa Kurui. Kila Alhamisi, ndani, nyuma ya pazia la kanga. Wali na samaki wa nazi. Akimaliza anaomba ukoko."

Niliweka kisu chini. "Alikuwa anakwenda kukagua choo."

"Choo gani? Sisi choo tulikuwa tunaomba kwa jirani."

Zuhura alikimbilia nje kucheka. Mimi nilihesabu Alhamisi zile, jua lile, viazi vile, na pikipiki ambayo hakuna mtu aliyewahi kutaka kuiiba. Nilimkasirikia marehemu kwa muda wa vitunguu viwili. Kisha nikamkumbuka akirudi ametulia, akijipangusa jasho, na hamu ya kumwona ikanishika, nikatamani ningekuwa nimemkalia jeneza siku alipozikwa.

"Kwa hiyo mama yako hakuwahi kufungiwa," nikasema.

"Nani kakwambia? Alimfungia mara mbili. Alikula, akashukuru, akaandika, akafungia. Samaki siku hizo hawakuwa wazuri, mama mwenyewe alijua."

"Mama hakumkasirikia?"

"Alimkasirikia mpaka Alhamisi."

Hili, Gloria, ndilo jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Mzee Kibwana alinipa kanuni, akabaki na ukweli wake nyuma ya pazia: kwamba mtu anaweza kula na bado akasema kweli, mradi kweli iwepo. Mimi sikula, na nikaandika uongo.

Kari ya pili iliiva saa tisa na nusu kamili. Niliiangalia saa, nikamkumbuka mzee. Tulikaa wanne, Mwantumu akaleta bakuli mwenyewe, akaliweka katikati, akanisogezea sahani. Hakuondoka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Karibu chakula," akasema.

Nilikuwa nimengoja maneno yale mawili kwa miaka. Nilikata chapati, nikachovya, nikatia mdomoni, na kama kawaida yangu, nikanyamaza.

Ukumbi wote ulinyamaza pamoja nami. Vijiko vilisimama. Chande aliacha kutafuna. Kwenye mlango wa jiko Zuhura alitokea na vitambaa viwili mkononi, tayari. Hapo ndipo nilipokisikia kimya changu kwa mara ya kwanza, kutoka upande wa wanaongojea. Kilikuwa kizito, na kilikuwa cha kutisha, na nilikuwa nimewabebesha watu kwa miaka thelathini.

"Mashallah," nikasema, mimi Mkatoliki wa Tabora.

Sista Paskalina akajifanyia ishara ya msalaba, Zuhura akashusha vitambaa, watu wakarudi kwenye sahani zao. Nilikula mpaka nikaombwa nipunguze mwendo. Niliomba na ukoko.

Tulipokuwa tunanawa, Chande, ambaye hajawahi kuacha begi la mtu bila kulipekua, alichomoa hotpoti yangu akaiweka mezani. "Oneni! Amekuja na silaha."

Mwantumu akaichukua. Akaifungua, akainusa, akaigeuza juu chini. Akaingiza kidole kwenye mfuniko. Kisha akanyamaza. Alinyamaza vizuri, kwa kipimo, nikaanza kujieleza bila kuulizwa: kwamba imeoshwa, kwamba mfuniko si wa zamani sana, kwamba ile harufu ni ya viazi tu.

"Nimeifungia," akasema.

"Kwa kosa gani?"

"Mpira wa mfuniko umepasuka."

"Mwantumu, mpira unabadilishwa kwa dakika tano."

"Na kadi ya Zuhura ilikuwa ya kupima asubuhi moja. Wiki mbili."

Gloria alikuwa ameshatoa daftari, anaandika. Nilimwomba Chande anitetee, akasema yeye ni dereva tu.

"Sasa wiki mbili nitakula wapi?" nikauliza.

Mwantumu alikuwa ameshaiweka hotpoti kwapani, anaelekea jikoni. "Kazi umeshaiacha, Mnyamwezi. Umebaki mtani tu. Mtani haulizi atakula wapi."

Naandika haya nikiwa kwenye meza ya dirishani, kwake, saa saba mchana. Leo ni siku ya tisa. Naingia kwa mlango wa mbele, nanawa, naonyesha kucha, nakaa. Mama Stella amekuja nami mara nne, anasema adhabu ya mume mke hawezi kumwachia peke yake. Hotpoti iko kwenye rafu juu ya friji, naiona kutoka hapa nilipo.

Jana nilipita dukani Sofu nikakuta mipira ya mifuniko inauzwa, saizi ile ile. Niliishika, nikaikagua kila upande, nikairudisha mahali pake.